Kutoka Kijiwe cha Bodaboda hadi Tundu la Panya: Mwongozo kwa Anayetaka Kuuchunguza Mtikisiko wa Ubongo

Ukitaka kuuchunguza mtikisiko wa ubongo kwa kutumia panya wa maabara, nenda Mikese kabla hujaagiza panya hata mmoja. Panda gari pale Msamvu mjini Morogoro, ushuke Mikese kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam, uwasalimie vijana wa bodaboda na uketi nao. Waulize ni lini mara ya mwisho mmoja wao alianguka na kugonga kichwa, alijisikiaje siku zilizofuata, na alirudi barabarani baada ya muda gani. Swali la tatu ndilo litakalokupa utafiti. Dereva wa pikipiki ya mkataba anadaiwa hesabu na tajiri wake kila siku, na hesabu haingoji kichwa kipoe. Mtu ameona nyota, amekaa kando ya lami kwa dakika chache, amenawa uso, na jioni ile ile yuko tena na abiria nyuma.

Hilo ndilo jeraha ninalozungumzia hapa. Silengi lile la kukimbizwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) kwa gari la wagonjwa. Nalenga lile ambalo watu husema ameshtuka tu, atakuwa sawa. Kwa kipimo cha fahamu kilichotungwa Glasgow mwaka 1974, majeruhi wa namna hii hupata alama 13 hadi 15 kati ya 15. Akipoteza fahamu, hazipotei zaidi ya dakika 30. Akisahau yaliyotokea, usahaulifu hauzidi saa 24. Ukimpiga picha ya CT, mara nyingi huoni kitu. Hata hivyo kichwa kinauma, mwanga unamkera, usingizi umevurugika, hasira ziko karibu, na njia aliyoizoea inamchanganya. Majeraha mengi ya ubongo ni ya daraja hili, na ndiyo yasiyoandikwa popote kwa sababu wengi hawafiki zahanati.

Neno moja kabla ya kuendelea. Kukaa kijiweni ili kujielimisha hakuna shida. Ukianza kuandika umri wa mtu, ajali zake na majibu yake kwenye daftari, umeshaingia katika utafiti wa binadamu, na unahitaji kibali cha maadili pamoja na barua ya serikali ya mtaa au kijiji. Na ukikutana na aliyeanguka jana huku anatapika tapika, anasinzia kupita kawaida, maumivu ya kichwa yanazidi, ana degedege, mboni za macho hazilingani, au anatokwa na majimaji puani au masikioni, weka daftari chini, msaidie afike hospitali ya rufaa ya mkoa upesi. Huyo si mtu wa kuhojiwa.

Kwa nini panya

Huwezi kumgonga binadamu kichwani ili uone kinachotokea. Pia huwezi kuuchukua ubongo wa dereva aliyepona na kuukata vipande vyembamba uutazame kwa hadubini. Panya ametupa nafasi ya kuona kile ambacho picha ya CT haionyeshi.

Pigo likitua, ubongo husukwa ndani ya fuvu. Mikia mirefu ya seli za neva huvutwa, na utando wa seli hupoteza ulinzi wake kwa muda. Potasiamu humwagika nje, kalsiamu huingia ndani, na pampu za seli huanza kufanya kazi kwa nguvu zote ili kurudisha mambo mahali pake. Pampu hizo zinakula nishati, hivyo matumizi ya glukosi hupanda ghafla, wakati huo huo damu inayofika kwenye ubongo imepungua. Uhitaji umepanda, ugavi umeshuka. Katika panya waliochunguzwa kwenye maabara ya mtafiti Hovda katika chuo kikuu cha UCLA kule Marekani, matumizi ya glukosi yalipanda ndani ya nusu saa ya kwanza, baada ya saa chache yakaporomoka chini ya kawaida, yakabaki huko kwa siku kadhaa, na kufikia siku ya 10 yakawa yamerejea.

Sasa rudi kwenye swali la yule dereva. Je, akipigwa tena wakati ubongo uko kwenye kipindi hicho cha njaa? Mwaka 2005 Longhi na wenzake walichapisha jaribio la panya wadogo (mouse kwa Kiingereza) waliopewa mitikisiko miwili. Waliopigwa mara ya pili baada ya siku 3 au 5 walishindwa kwenye majaribio ya kumbukumbu. Wale ambao pigo la pili liliwakuta baada ya siku 7 hawakuonyesha upungufu huo. Pigo ni lile lile, panya ni wa aina ile ile, tofauti ni siku za mapumziko tu.

Usikimbilie kumwambia dereva apumzike siku 7. Panya huishi miaka miwili au mitatu, mwili wake unaendesha kila jambo kwa kasi kuliko wetu, na siku yake haiwezi kugeuzwa kuwa siku ya binadamu kwa kuzidisha namba. Ulichokipata kwa Longhi ni kwamba dirisha la hatari lipo na kwamba linafungwa. Urefu wa dirisha hilo kwa mtu utaujua kwa kuwafuatilia watu.

Panya gani

Morogoro ina historia ndefu ya panya. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) kina kituo chake cha kudhibiti panya na miongo ya utafiti juu ya panya shamba anayekula mahindi ya wakulima wetu. Shirika la APOPO limekuwa likifundisha panya buku hapo SUA tangu mwaka 2000 kunusa mabomu ya ardhini, na baadaye kunusa kifua kikuu kwenye makohozi. Magawa, panya aliyezaliwa Morogoro na kupewa medali ya dhahabu ya PDSA, shirika la wanyama la Uingereza, mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia, alikuwa wa ukoo huo. Kwa hiyo utaulizwa, nawe utajiuliza: kwa nini nisitumie hao tulio nao?

Panya shamba mwache shambani. Hujui umri wake, hujui ameshaanguka mara ngapi, na anaweza kuwa na vimelea vya leptospira au virusi. Kirusi kimojawapo cha panya shamba kimepewa jina la Morogoro kwa kuwa kiligunduliwa hapa. Utapima jeraha na ugonjwa kwa pamoja bila kujua kipi ni kipi. Panya buku ni mnyama mwenye akili na anaishi miaka mingi, lakini utafiti wa jeraha unahitaji ramani ya ubongo inayokuambia milimita kwa milimita uko wapi. Panya wa maabara anayo ramani hiyo tangu mwaka 1982, kazi ya Paxinos na Watson, na nyuma yake kuna maelfu ya majaribio ya kulinganisha. Kwa anayeanza, ushauri wangu ni panya weupe wa aina ya Wistar au Sprague Dawley, waliozaliwa kwenye koloni inayojulikana, wenye umri unaofanana.

Chukua dume na jike. Kwa miaka mingi watafiti walitumia madume peke yao wakikwepa mzunguko wa homoni za jike. Kwetu hilo halina utetezi. Simama Mikese saa za soko uhesabu ni abiria wangapi wanawake wamekaa upande nyuma ya pikipiki, mzigo mapajani, bila helmeti. Dereva anayo yake, abiria hana. Utafiti usio na majike unawaacha hao wote nje.

Jambo jingine linalosahaulika ni banda lenyewe. Panya wa maabara wanastawi kwenye joto la nyuzi 20 hadi 24, na Morogoro ya Novemba au Januari haiko hivyo. Wanahitaji saa 12 za mwanga na 12 za giza bila kuyumba, na umeme ukikatika saa 3 usiku taa zikawaka zenyewe saa 8, usingizi wa panya wako umevurugika. Na usingizi ni mojawapo ya vitu ambavyo mtikisiko wenyewe huvuruga. Hakikisha una jenereta au betri ya taa na feni kabla ya kununua chombo chochote cha kupigia. Maranda ya kutandikia yachukue kwa fundi anayekuhakikishia mbao hazijapakwa dawa. Kisha washike panya wako kila siku kwa juma zima kabla ya jaribio, mtu yule yule, glavu zile zile. Panya anayemwogopa mshikaji atakuonyesha hofu, nawe utaandika kuwa ni jeraha.

Pigo lenyewe

Vitabu vitakupa njia nyingi. Kuna inayosukuma maji kwa kishindo juu ya utando wa ubongo, na kuna inayotumia kipiga chuma kinachoongozwa na mashine. Zote mbili ni sahihi na zinarudiwa kwa usahihi mkubwa, lakini kwa kawaida zinahitaji fuvu litobolewe kwanza. Dereva wa Mikese hakutobolewa fuvu. Kichwa chake kilisafiri, kikagota, kikazunguka shingoni. Mzunguko huo ndio unaovuta mikia ya neva. Marmarou na wenzake mwaka 1994 walidondosha uzito wa gramu 450 kwenye bomba juu ya kisahani cha chuma kilichowekwa fuvuni mwa panya, bila kutoboa. Njia hiyo ni ya gharama nafuu, ila kwa urefu wa mita 2 inatoa jeraha kubwa kuliko unalolitaka.

Ninayoipendekeza ni ile iliyofuata baadaye, iliyoelezwa na Kane na wenzake mwaka 2012 kwa panya wadogo na ikarekebishwa na wengine kwa panya wakubwa. Panya akiwa amelewa dawa ya nusukaputi kidogo tu, analazwa kifudifudi juu ya karatasi ya foili iliyobanwa pembeni na kuchanwa ufa, chini yake kuna sifongo. Uzito unashuka ndani ya bomba, unagusa kichwa, foili inachanika, na panya anaanguka akijigeuza hewani hadi kwenye sifongo. Kichwa kimepata pigo na mzunguko kwa pamoja. Vifaa vyake fundi wa Morogoro anaweza kuvitengeneza kwa siku chache. Usiige namba za uzito na urefu kutoka kwa makala. Fanya jaribio dogo la awali na panya wachache, ukianza chini, hadi upate pigo linalochelewesha kujigeuza bila kuvunja fuvu wala kuvujisha damu.

Pigo likishatua, mlaze chali kwenye tundu safi na uanze kuhesabu sekunde. Utaona sharubu zikitikisika kwanza, kisha mguu wa mbele unatafuta hewa, kichwa kinageuka upande, kinarudi, kinageuka tena, hatimaye mwili wote unafuata na panya anasimama kwa miguu minne huku ananesa. Andika muda huo. Ndicho kipimo kilicho karibu zaidi na swali la daktari kwa binadamu: alizimia kwa muda gani?

Kila panya aliyepigwa awe na mwenzake wa kulinganisha aliyepitia kila kitu isipokuwa pigo. Naye alewe dawa kwa sekunde zile zile, alazwe kwenye foili ile ile, asikie kishindo, apewe dawa ya maumivu ile ile. Hapa wengi huteleza, maana nusukaputi yenyewe huukinga ubongo kwa kiasi fulani, na dawa nyingi za maumivu hupunguza uvimbe ambao huenda ndio unaouchunguza. Usitatue tatizo hilo kwa kuwanyima panya dawa ya maumivu. Chagua dawa moja, mpe kila panya wa makundi yote, uiandike. Na utazame joto la mwili: panya aliyelewa dawa hupoa haraka, na ubongo uliopoa hujeruhika kidogo. Mkeka wa joto unaomweka kwenye nyuzi 37 utakuokoa na matokeo mazuri ya uongo.

Kabla ya siku ya kwanza, andika ni panya yupi atatolewa kwenye utafiti. Aliyevunjika fuvu au kuvuja damu ubongoni si wa daraja hili tena. Andika pia ni lini mateso ya panya yanatosha na anapaswa kuuawa kwa namna isiyo na maumivu: hali chakula, amepungua moja ya tano ya uzito, hajisafishi manyoya. Mistari hiyo ikichorwa baada ya kuona matokeo, huwa inachorwa mahali panapompendeza mtafiti.

Utapima nini

Usirundike majaribio. Nimeona mapendekezo yenye majaribio tisa ya tabia kwa panya wale wale, na kufikia jaribio la tisa panya ana uchovu kuliko jeraha. Chagua kwa kufuata malalamiko ya watu. Dereva anasema pikipiki inamyumbia: mpitishe panya kwenye ubao mwembamba uhesabu miguu inayoteleza. Anasema anasahau: mpe panya vitu viwili, kesho badilisha kimoja, uone kama anakitambua kilicho kipya. Anasema hana raha: mweke kwenye uwanja wa wazi utazame kama anakwenda katikati au anakumbatia kuta. Pima mapema, kama siku ya kwanza na ya tatu, na tena baada ya juma moja na mwezi. Anayepima asijue panya yupi alipigwa. Mwenzako mwingine ashike orodha ya namba, na mgawo wa makundi ufanywe kwa kura.

Kwenye tishu, tafuta mikia ya neva iliyovimba na seli za kinga zilizoamka. Damu nayo ina la kusema: protini ya GFAP na ile ya UCH-L1, ambazo Marekani iliziidhinisha mwaka 2018 kusaidia kuamua nani apigwe CT, zinaweza kupimwa kwa panya na kwa mtu. Kwa nchi yenye mashine chache za CT, hilo ni eneo ambalo ningependa vijana wetu walishike.

Wapi panya anakoma

Ubongo wa panya una gramu kama 2. Wa binadamu unakaribia 1,400. Ubongo wake ni laini juu, hauna mikunjo, na sehemu yake nyeupe, yaani nyaya ndefu zinazounganisha maeneo, ni ndogo sana ukilinganisha na yetu. Nyaya hizo ndizo zinazoumia zaidi kwenye mtikisiko. Ubongo mdogo kama huo pia unahimili mzunguko mkali ambao ungemmaliza mtu, kwa hiyo nguvu ya pigo ya panya haisomeki moja kwa moja kwa dereva.

Homoni ya projesteroni itakukumbusha hayo vizuri. Katika panya ilipunguza uvimbe na kuokoa kumbukumbu, jaribio baada ya jaribio. Mwaka 2014 matokeo ya tafiti mbili kubwa kwa binadamu yakachapishwa, moja yenye wagonjwa 882, nyingine 1,195, wote wenye majeraha makubwa kuliko haya yetu. Haikuwasaidia. Panya walikuwa wamepewa dawa mapema, walikuwa vijana wenye afya, jeraha lao lilikuwa moja na la aina moja. Wagonjwa walikuwa watu.

Mazoezi yanaonyesha upande mwingine. Griesbach na wenzake mwaka 2004 waliona kuwa panya waliopewa gurudumu la kukimbilia mara tu baada ya jeraha walifanya vibaya, na waliolipata baada ya majuma mawili walinufaika. Kwa muda watu wakaambiwa wajifungie gizani hadi dalili zote ziishe. Baadaye tafiti kwa vijana zilionyesha kuwa mazoezi mepesi yanayoanza mapema, chini ya kiwango kinachoamsha dalili, huharakisha kupona, na wataalamu waliokutana Amsterdam mwaka 2022 wakakubaliana juu ya mapumziko ya kiasi kwa siku moja au mbili, kisha kutembea na shughuli nyepesi. Kutembea, nasema. Kuendesha pikipiki kati ya malori ya barabara ya Dar es Salaam ni jambo jingine, kwa sababu ya lile pigo la pili.

Kwa hiyo unganisha kazi yako na wanaowafuatilia binadamu. Hospitali ya KCMC kule Moshi wamekuwa wakitunza rejesta ya majeraha ya ubongo kwa zaidi ya muongo mmoja. Soma walichochapisha kabla ya kuandika pendekezo lako, ujue Watanzania wanaumia vipi, wanafika hospitali lini, na nani hafiki.

Kibali na wajibu

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamlinda panya wako pia. Andiko lako lipitie kamati ya maadili ya taasisi yako, nayo itakuuliza yale ambayo Russell na Burch waliyaweka mwaka 1959: je, swali linaweza kujibiwa bila mnyama, je, idadi ndiyo ndogo inayotosha, je, maumivu yamepunguzwa hadi mwisho? Mtaalamu wa takwimu akupigie hesabu ya idadi kabla ya kuanza. Panya wachache mno ni ukatili sawa na panya wengi mno, maana wameumizwa bila kujibu chochote.

Jibu lile swali la kwanza kwa uaminifu. Kama unachotaka kujua ni kiasi gani helmeti inakinga kichwa, usimguse panya: tafiti za binadamu zilizokusanywa mwaka 2008 zilishaonyesha kuwa inapunguza majeraha ya kichwa kwa karibu asilimia 69 na vifo kwa asilimia 42. Mikese haina upungufu wa ushahidi juu ya helmeti. Ina upungufu wa helmeti ya pili, ya abiria.

Ukimaliza, chapisha hata kama panya waliopigwa hawakutofautiana na wenzao, ili mwingine asije kuwaumiza panya wengine kwa swali lile lile. Na kabla hujapeleka makala kwenye jarida la ng'ambo, andika ukurasa mmoja wa Kiswahili unaosema ulifanya nini, ulipata nini, na nini bado hakijulikani kwa binadamu. Uupeleke zahanati, kwa kiongozi wa kijiwe, na kwa matajiri wanaopokea hesabu, kwa kuwa wao ndio wanaoweza kumpa dereva aliyegonga kichwa siku chache bila deni.